Mwaka wa Ng'ombe za Élie

Maître Zakaria, mwalimu wetu wa kuchora, alikufa siku ya pili ya juma, tukamuzika siku ya ine, na siku ya tano watoto wake wakaniomba niandike ukurasa mumoja juu yake, wa kusomwa siku ya kumaliza matanga. Walinichagua kwa sababu, walisema, kati ya wanafunzi wake ni mimi niliyefika mbali. Niliitika. Nilikaa kwenye meza yangu hapa Katoyi nikaandika kwamba alikuwa mutu wa haki, alipenda chai yenye tangawizi nyingi, hakuwahi kumupigia mutu makelele. Mistari mitatu, kisha mukono ukakataa. Nikiendelea kumuandika Maître nitafika tu kwenye ule mwaka wa kusoma kule Mabanga, na ule mwaka sijamusimulia mutu yeyote, hata bwana yangu. Wazee walisema kimya kingi kina mushindo mukuu, na mimi nimeungojea ule mushindo toka nilipokuwa na miaka makumi mbili na miwili. Sasa nimepita makumi ine, magoti yananiuma, na yule niliyemukosea nimemukuta juzi kwenye kiti cha plastiki, sahani ya maharagi kwenye mapaja. Basi ule ukurasa wa Maître watauandika wengine. Mambo ya wazazi wangu na pa kuzaliwa kwangu ninayaacha pembeni, hayana kosa lolote katika hii habari.

Atelier ya Maître, pale alipotufundishia, ilikuwa nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, kama nyumba zote za Mabanga kisha lave, ule moto wa volkano, kupita mujini. Walikuwa wamemwaga simenti kidogo juu ya yale mawe, lakini haikulala sawa, kwa hiyo kila meza ilikuwa na kipande cha ubao chini ya muguu mumoja, na ukisukuma kiti nyuma bila kuangalia unaanguka. Kulikuwa vyumba viwili vilivyotengwa kwa triplex, ubao mwembamba. Upande mumoja tulikaa sisi na mashini tatu nzito za kompyuta, zile za kichwa kikubwa nyuma. Upande mwingine Maître alipokea wageni. Inje kulikuwa groupe ya kuleta umeme wakati ule wa mutandao unakatika, na ulikatika kila siku. Kando ya groupe mama mumoja alikaanga mikate toka asubui, hata leo nikisikia harufu ya mafuta ya mawese na mazutu ya groupe pamoja, ninapita upande mwingine wa njia. Tulianza wanafunzi watano. Mwezi wa tatu tulibaki wawili, mimi na Élie. Saa sita bibi ya Maître alituma sufuria ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, mara moja moja sambaza, samaki ndogo za ziwa, na tulikula wote watatu, Maître pamoja nasi, kwenye sahani moja. Élie alikuwa mutoto wa wafugaji wa milima ya Masisi, na alikula polepole mupaka nilikuwa ninakasirika. Nilikuwa na njaa ya kila kitu siku zile, na yeye hakuonekana kuwa na haraka ya chochote.

Tulichojifunza ni kufanya michoro itembee, na kazi ile niieleze vizuri, maana bila hiyo kosa langu halieleweki. Katika programu ya kompyuta tuliyotumia kuna mustari mukubwa wa wakati. Umejaa picha ndogo ndogo toka kushoto mupaka kuume, na kijiti chekundu kinapita juu yake: kikifika picha ya kumi, unaona picha ya kumi. Ile ndiyo filme. Lakini ndani ya ile filme unaweza kuweka mutu, na ndani ya mutu kuna mustari mwingine, wa miguu yake, hatua munane zinazorudiliana. Ndani ya kichwa chake unaweka mustari mwingine tena, wa macho. Mustari ndani ya mustari, hata mara tano, sita. Na kila mutoto wa ndani unamuchagulia namna ya kuishi. Kama umemufanya graphique, anamufuata mukubwa: mukubwa akisimama, naye anasimama. Kama umemufanya clip, ana saa yake mwenyewe. Unaweza kusimamisha filme yote, mutu akabaki palepale kando ya njia, lakini macho yake yanaendelea kufunguka na kufungika kwa wakati wake. Mara ya kwanza Maître alipotuonyesha hivyo mimi niliona ni kazi ya kuchosha. Élie alicheka peke yake, taratibu, halafu akaomba arudilie.

Filme yake ilikuwa juu ya maji machafu. Zetu zote zilikuwa juu ya maji machafu, kwa sababu shirika lililotulipia masomo lilitaka kufundisha watu wachemshe maji. Mimi nilichora famili inayokaa mezani. Élie alichora mwanamuke muzee anayeshuka kilima na bidon ya maji mugongoni, na nyuma yake ng'ombe saba. Kila ng'ombe ilikuwa na mukia wenye saa yake, masikio yenye saa yao, mudomo unaotafuna kwa saa yake. Hata nzi walikuwa clip ndani ya clip. Alikuwa anasimamisha mustari mukubwa katikati ya kilima, mwanamuke anasimama, lakini unaona kifua chake kinapanda na kushuka kwa kuchoka, na ng'ombe zinaendelea kutafuna, kila moja kivyake, hakuna mbili zinazofanana. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajipa mateso yote yale, wakati angeweza kufunga zote kwenye mustari mumoja kama mimi. Alinijibu bila kuondoa macho kwenye mashini: "Ng'ombe haiulizake mutu saa. Iache itafune." Nilimucheka. Usiku ule nyumbani nilichora ng'ombe, nikaona iko kama meza, na nikamuchukia.

Ndiyo, nilimuchukia, na wakati uleule nilimupenda kama ndugu. Wanaosema haviwezekani pamoja hawajawahi kukaa mwaka muzima kwenye benchi moja na mutu anayewapita. Mwezi wa tisa mama mumoja wa shirika alikuja kumuona Maître, na triplex ile haikuficha kitu. Nilikuwa peke yangu upande wetu, Élie alikuwa amekwenda kununua mikate. Nilisikia yule mama anasema kuna nafasi ya kwenda kusoma Kinshasa miaka miwili, nafasi moja tu, na watachagua siku ya kuonyesha filme, mbele ya watu wote, mutu asiseme kwamba wamependelea. Akamuuliza Maître anamuona nani. Maître alikohoa kidogo. "Binti anatumika sana," alisema. "Anatumika kupita wote. Lakini kijana, ule njo iko na mukono ya kuchora." Nilikaa na macho kwenye mashini iliyokuwa imezimika. Élie aliporudi alinipa mukate wenye moto, nikaukula wote, na sikumuambia nilichosikia.

Sasa kulikuwa na sheria moja katika ile atelier, na ni umasikini ulioileta. Kugeuza filme iwe video, ili ichezwe kwenye disque bila programu, ilidai mashini itumike nusu siku bila kusimama. Umeme wa mutandao haukuwahi kukaa nusu siku, na groupe ilikunywa mazutu vibaya. Kwa hiyo Maître alikataza kutoa video mbele ya siku yake: kila filme itatolewa mara moja tu, siku ya mwisho, na yeye mwenyewe ataiweka kwenye disque na kuifunga bila kuicheza. Mwaka muzima tuliangalia kazi zetu ndani ya programu tu, na ndani ya programu zilikuwa hai. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona filme yake ikiwa inje. Hata Maître mwenyewe, Mungu amusamehe, alijifunza kutoka kitabu, na kile kitabu kilikosa kurasa za mwisho.

Mimi niliona, kwa bahati mbaya. Famili moja ya wakatoliki wa Bukavu, marafiki wa paroisse ya kanisa letu, waliniomba niwatengenezee majina ya bwana na bibi arusi, ya kuweka mwanzo wa video yao. Kitu cha sekunde kumi. Niliandika majina, nikaweka maua mawili yanayozunguka kila upande, nikatoa video pale kwa mupiga picha wao, kwenye mashini yake. Majina yalipita vizuri. Maua yalisimama kama yamepigwa misumari. Nilirudilia mara tatu. Mama ya bibi arusi akaniuliza ikiwa ni mimi niliyesoma ama nilidanganya. Basi nilifungua msaada wa programu, ule wa kifaransa ambao hakuna mutu anasoma, nikakaa nao siku mbili, mupaka nikaelewa. Video inafuata mustari mukubwa peke yake. Wenye kumufuata mukubwa, wale graphique, wanatembea. Wenye saa yao, wale clip, video haiwaoni; inawachukua kwenye picha yao ya kwanza na kuwabeba hivyo mupaka mwisho. Kuponya ni jambo dogo: unakamata kila kimoja na kukigeuza kutoka clip kuwa graphique. Kwa maua yangu ilikuwa dakika mbili. Kwa ng'ombe saba za Élie ingekuwa asubui moja.

Zilibaki wiki mbili kufika siku ya kuonyesha. Nilirudi Mabanga siku ya kwanza ya juma nikiwa na nia ya kumuambia, ninaapa hivyo, ingawa najua kiapo changu hapa hakina bei. Nilimukuta ameongeza nzi. Aliniita nione. Nilimutazama na shingo yake iliyoinama, nikasema nitamuambia kisha kula. Kisha kula nikasema nitamuambia kesho, ili asiogope. Kesho yake bibi ya Maître alituma sambaza, na Élie alinisukumia zile zake kwa kidole, akisema yeye na samaki hawapatani, wakati wiki iliyopita nilimuona anakula mupaka vichwa. Alifanya hivyo kwa sababu alijua kwetu siku zile hakukuwa na kitu. Nilizikula. Nikajiambia pengine video yake haitaharibika, pengine ni mashini ya yule mupiga picha. Siku ya tano sikujiambia kitu tena. Nilikuwa nimekubali, na kukubali hakukuniuma nilivyofikiri, ndicho kinachonitisha mupaka leo. Filme yangu niliipitia peke yangu, kipande kwa kipande, nikahakikisha hakuna clip hata mumoja.

Siku ya kuonyesha, salle ilikuwa ya paroisse, benchi zimejaa, mashuka meupe mawili yameshonwa pamoja kwenye ukuta. Yangu ilianza. Famili yangu ilikaa mezani, ikanywa maji, ikaugua, ikachemsha, ikapona. Watu walipiga mikono kama wanavyopiga kwa mutoto aliyesoma shairi. Kisha ikaja ya Élie. Kilima kilikuwa kizuri ajabu, na kwa sekunde moja salle yote iliinua shingo ione vizuri. Halafu mwanamuke muzee akaanza kushuka bila kupiga hatua. Miguu yake ilisimama, muguu mumoja mbele, na aliteleza hivyo kwenye kilima chote na bidon yake. Nyuma yake ng'ombe saba, midomo wazi, mikia hewani, zinavutwa kama visanduku. Nzi walibaki wametundikwa hewani. Mutu mumoja nyuma akasema ni ng'ombe za mbao, na salle ikapasuka kwa kicheko. Hata padri alicheka. Élie alisimama, akaomba wasimamishe na kuanza upya. Walianza upya. Ilikuwa vilevile, na safari hii walicheka toka mwanzo kwa sababu walijua kinachokuja.

Maître alikuja mupaka kwenye benchi yangu, jasho kwenye paji la uso, akainama. "Nsimire," aliniuliza pole, "wewe unaona ni nini?" Nilikuwa na jibu mudomoni. Yule mama wa shirika alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, kalamu mukononi. Ningesema maneno manane, kumi, na angeelewa, maana hakuwa mujinga. "Sijue, Maître," nilisema. "Pengine disque." Alitikisa kichwa, akarudi kwa projecteur kupangusa disque na shati yake. Wakati anapangusa, walikuwa wameisha kuandika jina langu.

Siku ya kwanza ya juma lililofuata Élie alifika atelier mbele yangu. Nilimukuta amefungua filme yake ndani ya programu, na pale ilikuwa muzima: mwanamuke anatembea, anapumua, ng'ombe zinatafuna. Aliicheza, akaicheza tena. Nilikaa kando yake. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema polepole, kama mutu anayehesabu: "Kumbe inaishi kwa mashini hii tu. Kwa batu haiishi." Nilimuambia asikate tamaa. Niliweza kusema neno lile, nikaongeza kwamba nitamuandikia kutoka Kinshasa. Alifunga programu, akafunika mashini na kitambaa chake jinsi Maître alivyotufundisha, akanipa mukono kama unavyompa mukono mutu wa heshima. Mwezi uleule alirudi Masisi kwa ng'ombe za kweli. Sikumuandikia.

Kinshasa nilisoma. Nilirudi na diplome, nikafanya filme za kunawa mikono, za chandarua, za kupiga kura, za kunawa mikono tena. Hakuna moja ambayo mutu anaikumbuka. Nilikuwa mutumikaji, kama Maître alivyosema nyuma ya triplex, mukono haukunijia. Kila nafasi niliyopata ilitoka kwenye ile ya kwanza, hivyo kila mukate niliokula ulikuwa wa Élie, na sikuufanyia hata kitu kizuri. Na sasa hata ule umeisha. Mashirika yaliondoka vita vilipoingia mujini, banki zimefungwa, mashini zangu mbili walizibeba watu nisiowajua wakati tumejificha. Nilimukosea mutu kwa ajili ya kitu, na kile kitu nacho hakipo. Nisimusikie mutu akisema Mungu hulipa. Hakulipa, vyote viliharibika tu.

Juzi, kwenye matanga, nilisikia watu wanacheka kabla sijaingia. Kwenye kilio watu hucheka, si dhambi, kuna saa ambayo huzuni inachoka. Katikati ya viti vya plastiki alikaa mwanaume wa mvi, koti kubwa kupita mabega yake, na alikuwa anawasimulia. Nilitambua sauti kabla ya uso. Alikuwa anawaambia jinsi Maître alimufundisha kuchora, na yeye akachora ng'ombe mwaka muzima, akavaa shati mupya, na siku ya kuonyesha ng'ombe zikateleza. Alisimama, akafungua mudomo, akanyosha mukono nyuma kama mukia, akajisukuma pole kati ya viti. Watu walitokwa na machozi. Wajane wa Mabanga walishikana mabega. Ilionekana ni hadithi aliyoisimulia mara nyingi, alijua pa kupumzika na pa kungojea kicheko. Aliponiona alifurahi kweli, akaniita dada, akawaambia watu huyu ndiye alikuwa na kichwa, yeye alikuwa wa kuleta mikate. Alinieleza kwamba alifuga mupaka ng'ombe zikaibiwa zote, akauza samaki ya Vitshumbi mupaka njia ikafungwa, na sasa wanalala kwa mukwe wake, watu tisa chumba kimoja. Nilimuuliza kama anachora bado. "Aka, hapana," alisema, "kile hakikuwa changu. Ni vizuri nilijua mapema."

Ningenyamaza. Nilikuwa nimezoea kunyamaza. Lakini alilisema lile neno bila uchungu wowote, na sikuweza kulibeba. Nilimuomba tutoke inje, tukasimama nyuma ya ukuta wa mawe, na nikamuambia yote: maua ya arusi, clip na graphique, ile asubui moja ya kuzigeuza, wiki mbili, Maître alipoinama kuniuliza. Nilisema upesi, kama mutu anayetapika. Alikuwa anaangalia chini, na nikaona kwamba anaelewa kila neno, kwamba miaka yote ile hakusahau hata jina moja la kazi.

"Asubui moja," alisema.

"Asubui moja."

"Na nzi pamoja?"

"Na nzi pamoja."

"Basi ilikuwa muzuri."

"Ilikuwa muzuri kupita yangu mara mia, Élie. Maître alijua. Alisema wewe njo uko na mukono. Nilisikia na masikio yangu."

Nilitumaini atanipiga, ama atalia, ama atasema amenisamehe. Nilikuwa tayari kwa kila kimoja, na sasa ninaona kwamba nilikuwa nimekuja kuchukua kitu kwake mara ya pili. Aliangalia mikono yake yote miwili, ngozi imepasuka kwa chumvi ya samaki. Uso wake ulibadilika polepole, na nilimuona anazeeka mbele yangu.

"Dada," alisema, "mi nilikuwaka najua sikupoteza kitu. Miaka yote nililala muzuri juu ya ile."

Alirudi ndani, akakaa. Wageni wapya walikuwa wamefika, na mutoto mukubwa wa Maître akamuomba awasimulie tena ile ya ng'ombe, ili nao wacheke. Élie alisema wamuombe mutu mwingine hadithi nyingine, ile haichekeshi.